Mikono Iliyozoea Reli

Mwanangu, wewe unayekwenda kutahiniwa udereva katikati ya vijana huku umri wako umesogea, kaa kidogo nikueleze. Ipo siku ambayo mpaka leo hainitoki. Ilianza kwa shati jeupe la baba yangu, nililolipiga pasi ya mkaa huku naimba, maana siku hiyo alikuwa anakwenda Korogwe kutahiniwa apate leseni ya lori.

Baba, Mzee Mhina, alikuwa dereva wa kiberenge, ile treni ndogo iliyovuta mabehewa ya mkonge shambani, upande wa Mazinde. Enzi hizo ni za Mwingereza. Alitoka Handeni angali kijana, akaota mvi juu ya reli zile zile. Sasa kiberenge hakina usukani, mwanangu. Reli ndiyo inayokupeleka. Likitokea jambo mbele, dereva anavuta breki, chuma kirefu kilichosimama ubavuni mwake kulia. Hayo ndiyo iliyoyajua mikono ya baba.

Ikaja habari kwamba reli zitang'olewa, mkonge ubebwe kwa malori. Msimamizi akatangaza: mwenye leseni atapewa lori, asiye nayo atashika panga akakate mkonge na manamba, wale vibarua wa mkataba. Mgongo wa baba ulikuwa umekwishachoka. Mama alikuwa amefariki, na mimi nilikuwa msichana niliyeishia darasa la nne, mwingi wa ndoto. Nilishajiona nimekaa mbele kwenye lori, tunakwenda kumsalimu bibi kule Mkata, watu wanatupungia mikono.

Aliyemfundisha ni Salimu, dereva kijana mwenye maneno mengi. "Kata kona, Mzee Mhina! Hapa hakuna reli ya kukufikisha nyumbani!" Baba anacheka, anakata kona. Jioni alikaa juu ya kinu nilichokilaza, akashika ungo wangu kama usukani, nami nikawa barabara. Naita, "Mbuzi!" Anapinda. "Ng'ombe wa Wamasai!" Anasimama, anapiga honi kwa mdomo, "Piii! Yero, toa ng'ombe wako!" Tulicheka hadi jirani akauliza kama tumekunywa.

Asubuhi ya mtihani hakugusa uji. Alisema bado ana shibe ya jana. Tulifuatana naye, mimi na Salimu, na njia nzima mikono ya baba ilikuwa mfukoni. Niliona, nikadhani ni baridi ya asubuhi. Pale Korogwe waliokuwa wakingoja ni vijana watupu. Mmoja akamwamkia, "Shikamoo babu, umemleta mjukuu?"

"Marahaba," akasema baba. "Mjukuu ndiye mimi."

Wakaangua kicheko, naye akacheka nao, lakini midomo yake ilikuwa mikavu.

Akaitwa. Afisa wa polisi, Mzungu mtaratibu, akapanda lori akakaa kando yake, wakaondoka. Mimi na Salimu tukaenda kusimama barabara ya Manundu, pale watakapopita wakirudi. Lori lilipotokea Salimu akanigonga bega. "Amepita huyu! Sikia gia zinavyoingia!" Na kweli, lilikuja taratibu, limenyooka.

Ndipo mbuzi akachomoka. Mbuzi mmoja tu, mwanangu, wa kweli safari hii.

Niliiona mikono ya baba kupitia kioo cha mbele. Yote miwili ilitoka kwenye usukani ikaenda kulia, ikakitafuta kile chuma cha breki ya kiberenge. Hakikuwapo. Lori likajiendea lenyewe mpaka mtaroni, likainama. Hakuumia mtu, wala mbuzi.

"Ee Mungu," Salimu akanong'ona, "amerudi relini."

Afisa akashuka, akajikung'uta. "Mzee, umeendesha vizuri mpaka hapa. Leo siwezi kukupa. Njoo tena mwezi ujao."

"Ahsante, bwana," baba akasema, akabaki akitazama viganja vyake kama vya mtu mwingine.

Wakati wa kurudi ndipo aliponiambia, "Mama, mikono hii imetetemeka toka alfajiri."

"Mbona hukusema, baba?"

"Nimwambie nani? Mtu mzima mimi, niseme naogopa mtihani wa watoto?"

Mwezi uliofuata Salimu akaja kumwita. Baba akasema mguu unamwuma. Akaja tena mwezi mwingine, baba akasema mvua. Baadaye Salimu hakuja. Reli ziling'olewa, baba akashika panga, na miba ya mkonge ikaichoma mikono ile ile mpaka mgongo ulipokataa kabisa. Tukahamia kwa bibi kule Mkata.

Huko akaugua. Mchana mmoja nilikuwa napepeta mahindi karibu na kitanda chake, akanyoosha mkono. "Nipe ungo." Nikampa. Akaushika kwa mikono miwili, imekonda, imejaa makovu.

"Sema mbuzi."

Nikainama kuokota mahindi.

"Sema, mama."

"Mbuzi, baba."

Akaupinda ungo kushoto, polepole, na hakuuachia. "Unaona?" akasema. "Ningerudi tu Korogwe." Tukamzika kabla mahindi yale hayajaisha kupepetwa.

Basi mwanangu, usiende kwenye mtihani wako umeficha mikono mfukoni. Mwambie anayekupenda, "Leo naogopa." Mwambie na anayekufundisha. Hata huyo anayekutahini, mwombe akuache uvute pumzi kwanza; naye ni mtu. Na kama hofu itakurudisha kwenye mazoea yako ya zamani ukaanguka, lia siku hiyo, kula, lala, na ukiitwa tena uende. Usimwambie mtu mguu unakuuma.

Mungu akutulize moyo na mikono yako, akulinde barabarani, wewe na mbuzi wa watu. Siku utakayopata leseni, pita hapa kwangu unipigie honi. Nitatoka na ungo wangu nikupungie.