Eda Isiyoanza

Mume wa mdogo wangu alikuwa askari. Kambi yao ng'ambo ya mpaka ilipovamiwa, tuliketi mbele ya runinga hapa Kariokor tukingoja kuambiwa. Wakubwa walizungumza, tena walizungumza vizuri, haki ya Mungu. Vijana wetu wamesimama imara. Wameitikia wito wa taifa. Wamejitoa mhanga ili sisi tulale salama. Kwamba kuna aliyekufa, hawakusema. Mwili haukuletwa, na kila tulipopiga simu tuliambiwa tuwe na subira.

Kwa wengine labda hayo ni mapambo ya hotuba tu. Kwetu mke akifiwa hukaa eda: hatoki ovyo, hajipambi, haposwi, na eda ikiisha huanza maisha upya. Mdogo wangu hakujua akae au asikae. Nikaenda kwa maalim wa msikiti wetu. Akaniambia, "Mwanangu, eda haihesabiwi kwa kukisia. Mtu wa serikali aseme wazi kwamba amekufa." Basi, ni hilo tu tulilohitaji.

Mheshimiwa wetu akaja uwanjani na tenti zake na vipaza sauti. Wanasiasa hawanisumbui siku hizi, nawasikiliza kama redio ya jirani. Lakini siku hiyo nilimshika mdogo wangu mkono, nikapenya naye hadi mbele. Akauliza kwa adabu, hata sauti haikumtetemeka: "Mheshimiwa, mume wangu amekufa?"

Yule bwana angeweza kusema ndiyo, mambo yakaisha. Badala yake alimwekea mkono begani mbele ya kamera, bila haya, akasema, "Dada yangu, shujaa hafi. Mumeo yu hai ndani ya bendera hii." Watu wakapiga makofi. Kina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikatamani kuwatandika wote, kuanzia na yeye.

Tukashika njia ya kurudi. Nilidhani analia chini ya mtandio, kumbe anatabasamu. Kufika nyumbani aliingia jikoni, akatoka na bakuli la hina, kitu ambacho mjane hagusi akiwa edani.

"Si umemsikia mwenyewe, dada? Yu hai."

Majibu nilikuwa nayo, tena makali. Lakini mimi si serikali. Akanyoosha mikono, nami nikampaka.