Kilio cha Kisulisuli

Nakumbuka siku moja nyuma ya nyumba yetu, Chamwino, na waliokuwepo nitawataja wote, mwanangu, wasije wakapotea. Alikuwepo Ndahani, mdogo wangu wa tumbo moja. Ndiye aliyekuwa akiimba. Alikuwepo Simoni, mtoto wa katekista wetu, mwenye gitaa. Alikuwepo Hamisi, ambaye baba yake alitoka Kigoma kwa kazi ya reli akaoa kwetu. Huyo alipiga madebe. Nilikuwepo mimi, Sechelela, na ngoma ya muheme, ile tunayoibana mapajani sisi wanawake wa Kigogo. Ngoma haikuwa yangu. Ilikuwa ya Bibi Matika, dada yake babu, naye alikuwa ndani akipepeta uwele.

Kundi la vijana hao liliitwa Kisulisuli, kama ule upepo wa kiangazi unaonyanyua vumbi letu na kulizungusha. Wengine wakati ule walipenda dansi la kujipamba. Hawa walipiga kelele. Walijipaka majivu usoni, wakavaa makoti ya mitumba, ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kujaa sokoni, wakaimba hadi mishipa ya shingo ikawasimama. Watu waliwaita wahuni. Lakini ndani ya kelele mlikuwa na maneno. Ghala la ushirika lilikuwa limefungwa, baba zetu wamepunguzwa kazi, wanashinda uani wakitazama miguu yao. Nani mwingine aliwaimba?

Mchezo wao mpya ulikuwa mazishi ya ghala. Ndahani alale chini kafunikwa shuka, mimi nianze kilio, gitaa lipokee, kisha maiti ainuke akiimba. Tukafanya mazoezi mchana kweupe. Nikalia kama ninavyojua kulia.

Sasa, kwetu kilio hakiulizwi. Ukikisikia unaacha jiwe la kusagia, unajitwika unga, unakwenda. Haukupita muda, Mama Nyemo wa jirani akatokea na ungo wa unga kichwani, nyuma yake wanawake na kuni. Mzee Chilewa alikuja mbio na sururu begani, shati kaligeuza nje ndani.

"Nani katutoka?" Mama Nyemo akauliza, machozi tayari yanamtoka.

Hamisi akababaika. "Ghala, mama."

"Ghala ni mtoto wa nani?"

Hapo Ndahani akaketi na shuka lake, uso mweupe pepe kwa majivu. "Shikamooni," akasema.

"Marahaba ya nini!" Mzee Chilewa akafoka. "Lala ufe vizuri, nimekuja na sururu!"

Watu wakacheka mpaka kuni zikaanguka. Bibi Matika hakucheka. Alitoka, akanipokonya ngoma, akasimama mbele ya wale vijana.

"Mzaha mzaha hutumbua usaha," akasema. "Leo mmeita, watu wamekuja. Siku akifa mtu kweli, wakisema ni wale wale wa Ndahani, atazikwa na nani?" Kisha akasema ngoma yake haitarudi kwenye kelele zao mpaka kwanza awaone wao msibani.

Bila muheme Kisulisuli ilikuwa debe tupu. Ndahani alilijua hilo. Alikosa usingizi na chakula. Lakini nadhani hakumwelewa bibi, mpaka alipokufa Mzee Chilewa.

Ilikuwa kiangazi kikali. Mjane wake alilia, sauti ikapita juu ya mapaa yote, na hakuna aliyetoka. Niliwaona wanawake wamesimama milangoni, wakitazamana. "Si wale watoto tena?" Mama Nyemo aliuliza, na unga aliushika mkononi, hajajitwika. Mwanangu, ukimya ule ninao mpaka leo.

Ndahani alikimbia nyumba hadi nyumba. "Ni kweli, mama. Safari hii ni kweli. Njooni." Alisema hivyo akilia, naye hakuwa anaigiza. Watu wakaja. Kisha yeye, Simoni na Hamisi wakaishika sururu ya marehemu wakachimba, ardhi imekauka kama tofali, mpaka Simoni vidole vikatoka damu asiweze kukamata nyuzi. Tangu siku ile hapakuwa na msiba usiowaona wakichimba kaburi. Bibi Matika aliiweka ngoma mlangoni mwangu.

Walipoimba tena, ndani ya ghala lile lililokuwa limefungwa, kijiji kizima kilikuja. Hata watu wa mbali, wa Nzuguni, walikuja. Mcheza kwao hutunzwa. Baba yangu alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi. Sijaona tena kitu kama kile, na ningetoa macho yangu nikisikie mara moja tu.

Kundi halikudumu. Simoni alifuata machimbo ya Mererani. Hamisi alirudi kwa baba zake, Kigoma. Kanda moja ya nyimbo zao iliyobaki, shangazi yenu alirekodia kwaya juu yake. Kwaya yenyewe ilikuwa nzuri, nimemsamehe. Ndahani alikwenda Dar kutafuta pa kurekodi, akaugua huko. Habari ilinifikia ameshazikwa. Mimi ninayekumbuka majina ya watu wote, sijui hata jina moja la waliomchimbia kaburi.

Lakini mwezi uliopita, alipofariki jirani yetu, nilikusikia wewe mwenyewe ukiagiza, "Waiteni Kisulisuli." Vijana wakaja na majembe. Mnadhani ni jina la wachimba kaburi tu, la tangu zamani. Ilikuwa bendi, mwanangu. Iliimba.

Nasaha yangu ni hii. Imba upendavyo, piga kelele, sauti Mungu kakupa. Ila ukiwaita watu kwa kilio chako, nawe uitike cha kwao, ukiwa na jembe. Mungu akukuze, akupe sauti isiyopungua na watu wa kuisikia, na siku yako ikifika uzikwe na wanaokujua jina.

Kama kuna niliyemsahau aliyekuwepo siku ile, au nimekosea mtoto wa nani ni nani, mwenye kujua na aje anisahihishe. Nipo nyumbani.