Mkwe Aliyekaa Uani

Bi Sitara anauza viungo Kariakoo, huu mwaka wa ishirini na mbili, na hajapata kumwogopa mtu. Mgambo wanamjua. Mdomo wake ni pilipili tupu. Lakini alipoanza kutoka damu chooni, mdomo huo ulifumbwa miezi mitano. Akajidanganya kuwa ni bawasiri, akanywa mitishamba, akakonda. Dada yake alikufa kwa maradhi yaliyoanza hivyohivyo, na hofu hiyo ndiyo iliyomfikisha hospitali.

Akapangiwa kupimwa utumbo kwa kamera baada ya wiki tisa. Akapewa dawa ya unga ya kuchanganya na maji, majagi manne ya lita moja moja, aanze kunywa alasiri ya siku moja kabla.

"Utaharisha mpaka yatoke maji matupu," nesi alimwambia. "Tumbo likibaki chafu, daktari haoni kitu."

Siku ya kunywa dawa ikafika. Amemaliza jagi la pili, tumbo linanguruma, akasikia hodi. Ni Abdulatif, mume wa binti yake Ummy, ametoka Mbagala kuja kulala ili asubuhi ampeleke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona umejisumbua?"

"Sasa nikuache uende peke yako, mama?"

Kijana mwema, Mungu amweke. Umeme ulikuwa umekatika na ndani joto, basi akatoa kiti uani, akakaa mkabala na choo, kile kimoja cha wapangaji wote. Mlango wake ni bati, kila sauti inatoka. Bi Sitara, ambaye kwa miaka sita hajapata kula mbele ya mkwewe, alipita mara moja, akajikaza, akarudi chumbani jasho linamtiririka. Apite mara kumi mbele ya mkwe? Afadhali afe. Ndivyo alivyojiambia, wala hakuwa anatania. Majagi mawili yaliyobaki akayamwaga dirishani.

Jamani, mficha uchi hazai.

Asubuhi nesi akamuuliza kama alimaliza dawa. "Nimemaliza," akajibu. Kamera haikufika mbali. Daktari aliona uchafu, akaona na damu, inakotoka hakukuona. Akamwambia arudi baada ya miezi mitatu, kabla ya hapo nafasi hakuna.

Nje, Abdulatif akampokea mkoba. "Usijali, mama. Mara nyingine nitakuja siku mbili kabla, nishinde na wewe hapohapo."

"Ahsante, baba," akasema Bi Sitara, kisha akaangua kilio, na yule kijana akadhani ni shukrani.