Nilivyomtafsiria Profesa wa Mashine ya Chini ya Ardhi

Siku mashine ile kubwa ya wanasayansi wa ng'ambo ilipowashwa tena baada ya matengenezo, dada yangu alianua nguo zikiwa bado mbichi, akafunga madirisha yote, akajaza maji kila ndoo ya nyumba.

Jua linawaka. Majirani wanachungulia.

"Leo wanatoboa dunia," akawaambia. "Nyie chekeni tu."

Aliyemwambia kwamba dunia itatobolewa ni mimi, mdogo wake.

Ngoja nijieleze. Kazi yangu ni kutafsiri filamu. Nakaa kwenye kichumba kilichobandikwa magodoro ukutani, nasikiliza Kizungu masikioni, naingiza Kiswahili changu juu yake. Mwigizaji akisema neno moja, mimi nasema kumi. Watu wanapenda hayo kumi. Mtaani wananiita Sauti.

Sasa kuna filamu moja ya wanasayansi waliochimba handaki la mviringo chini ya ardhi. Humo wanakimbiza chembe ndogo kuliko vumbi mpaka zigongane, waone kitakachotoka. Kwenye filamu kinatoka shimo jeusi, linameza mji mzima.

Kabla ya shimo, wanasayansi wanabishana ubaoni weee, mpaka unasinzia. Sikuambulia kitu. Nikajazia: "Ndugu mtazamaji, hiki ni kisa cha kweli. Mashine hii ipo, na waliofanya kazi karibu nayo hawakurudi na akili zao."

Iliuza kuliko zote. Dada aliiangalia mpaka akaikariri.

Basi mpwa wangu, binti wa dada huyo huyo, akasoma fizikia chuoni, akaongoza darasa. Akapata nafasi ya kwenda mwaka mzima kujifunza kazi kwenye mashine ya kweli ya namna ile. Nafasi ilikuwa moja tu.

Mama yake akasema haendi.

"Mama, ile ni filamu."

"Mjomba wako kasema ni kisa cha kweli. Na mjomba wako anajua Kizungu kuliko huyo aliyekufundisha."

Ndipo nikaitwa. Njia nzima nilijipanga kusema ukweli. Nafika, nakuta dada kaita mashangazi na majirani, ananinyooshea kidole kwa fahari. "Huyu ndiye aliyenifungua macho."

Ukweli ukarudi tumboni.

"Dada," nikajibaraguza, "ile mashine mbovu waliifunga. Hii ni nyingine."

"Nani kakwambia?"

Kabla sijambuni wa kuniambia, simu ya mpwa wangu ikaita. Kwenye kioo akatokea profesa wake wa ng'ambo, mama wa makamo. Mpwa alikuwa amemwomba azungumze na familia, awatoe hofu.

"Acha simu hapa, nenda jikoni ukaangalie chai," dada akamwambia. "Mambo yako yanazungumzwa na wakubwa."

"Mama, naomba nibaki nitafsiri."

"Utafsiri wewe, na mjomba wako yupo?"

Mpwa akanitazama. Ilikuwa niseme tu, mwache abaki. Nikapokea simu.

Jamani, kwenye filamu angalau kuna bastola, unajua nani kamkasirikia nani. Huyu alikuwa uso tu, na maneno yanatiririka. Nikadaka "familia". Nikadaka "salama". Mengine yakanipita.

Nikafanya ninachokijua.

"Anasema mashine yao haidhuru hata sisimizi," nikawaambia. "Anasema atamlea kama mtoto wa kumzaa."

Shangazi mmoja akafuta machozi. Profesa akauliza kitu. Nikatabasamu. "Yes, yes. Thank you."

Akauliza kingine, polepole zaidi, kama mtu anayehakikisha.

"Yes," nikasema, safari hii kifua mbele.

Akatikisa kichwa taratibu, akaaga.

Dada akasimama. "Basi aende. Mwanangu aende."

Vigelegele. Mpwa akatoka jikoni na sinia, mama yake akamkumbatia na sinia lake. Mimi napigwapigwa mabegani, najiona mtu wa maana kweli.

Ujumbe ukaingia kwenye simu. Mpwa akausoma. Akaurudia.

"Kaandika nini?" dada akauliza.

Mpwa hakumtazama mama yake. Alinitazama mimi.

"Anasema amefurahi kuzungumza na Mjomba."

Namjua mtu anayetafsiri kisichokuwepo. Nikamfuata jikoni.

"Ndivyo alivyoandika kweli?"

Alikuwa anapanga vikombe ambavyo vilishapangwa. "Aliuliza kama bado hamtaki niende. Ukasema ndiyo. Akauliza basi nafasi ampe anayenifuata. Ukasema ndiyo. Ameshampa, Mjomba. Anasema anaheshimu uamuzi wetu."

Sebuleni dada alikuwa anacheka kwa furaha.

"Kwa nini hukusema pale?"

"Mbele ya watu wote? Mama angekuonaje?"

Lile shimo nililowatishia watu, siku hiyo nililitamani.

Mtoto kapoteza safari yake, na bado alikuwa anahangaika kuficha aibu yangu. Nilijidharau kuliko nilivyowahi kumdharau mtu yeyote.

Nikarudi sebuleni nikasema yote. Kwamba Kizungu naokoteza. Kwamba kisa cha kweli nilikitunga mwenyewe. Kwamba nimegawa nafasi ya mtoto wao huku natabasamu. Nikiongea, vicheko vilikuwa vinakatika kimoja kimoja.

Dada hakunitukana. Heri angenitukana. Alimgeukia binti yake. "Mpigie huyo mama. Zungumza mwenyewe."

Akapiga. Tukamsikiliza, wakubwa wazima, hatuelewi kitu. Alipokata, dada akauliza, "Kasemaje?"

Na kwa mazoea, macho yote yakanigeukia mimi.

Nikatazama sakafu. "Muulizeni yeye."

"Nafasi imeshakwenda, Mama," mpwa akasema. "Amesema niombe tena mwakani."

Ameomba. Tunangoja jibu, na likija atalisoma yeye.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi niliuficha wangu, aliyekosa safari akawa mtoto wa dada. Ndugu yangu unayesoma, kama hujui, sema hujui, mapema. Ukichelewa, utaulizwa jambo la mtu mwingine, nawe utajibu ndiyo.