Kengele Iliyolia Bila Mimi

Nakumbuka asubuhi moja niliyoisikia kabla ya kuiona. Kengele ya shule yetu, rimu kuukuu ya lori, ililia ng'a! ng'a! ng'a! ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Niliruka nikidhani nimechelewa kuipiga. Mpira wa dripu ukanivuta mkono. Nilikuwa kitandani, mwanangu, katika zahanati moja pale Ahero, mimi mwalimu mkuu.

Ndiyo miaka ile mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoingia, tukaambiwa tujenge karakana. Siku za kazi nilisimamia mafundi. Jumamosi nilihutubia matangani, maana kwetu mazishi hayajakamilika mwalimu mkuu asiposema neno. Funguo zote nilitembea nazo mimi. Hata chaki niligawa mwenyewe. Ah, ujana! Ulinidanganya kwamba uchovu ni heshima. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimeanguka kando ya kaburi, hotuba ikiwa katikati. Presha, alisema daktari; nikiendelea hivyo, nitapooza.

Saa nne akaingia naibu wangu, Madam Adhiambo, mama aliyenizidi umri.

"Nani amepiga kengele?" nikauliza, salamu nimeisahau.

"Mimi. Na imelia vilevile, omera, ndugu yangu. Lete funguo."

"Chaki zitapotea, Madam."

"Zikipotea tutanunua nyingine. Wewe ukipotea, tutakununua duka gani? Juzi wachimba kaburi walishaanza kukupima kwa macho!"

Muuguzi alicheka. Nilizitoa funguo chini ya mto, polepole, kama mtu anayeng'olewa meno.

Nilikaa nyumbani wiki mbili. Nikaona ndege yangeyange weupe wakitua mpungani. Nikala samaki wa ngege mchana na wanangu, siku ya kazi, nikagundua mdogo ana kicheko cha mama yangu. Karakana ile imeshabomoka. Kicheko kile bado nakisikia.

Mwanangu, wewe uliyekabidhiwa shule juzi, kidole kimoja hakivunji chawa. Gawa kazi kabla ugonjwa haujakugawia. Pima presha ukiwa mzima. Matanga mengine mtume naibu wako, marehemu hatanuna. Nanyi walimu na wazazi, msingoje mkuu aanguke ndipo mumwulize kama amekula.

Mungu akupe wenzako wa kuaminika, akupe usingizi, akupe watoto wanaoujua uso wako mchana. Na kila jioni, jua likiwa bado juu ya ziwa, utoke ofisini, na mlango ufungwe nyuma yako.