Shimo la Masele

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi dukani, pale Nsemulwa, baba alichimba shimo uani kwetu ambalo majirani waliliita kaburi.

Lilikuwa la mdogo wangu Masele. Wenzake walikuwa wanakimbiza kuku, yeye miguu yake haikuweza kumbeba. Dada mmoja aliyekuwa akipita majumbani kuwasaidia watoto wenye ulemavu ndiye aliyetuelekeza: shimo la kufika kiunoni, mtoto asimamishwe ndani, udongo umshike miguu, mikono ibaki huru kuchezea. Muda mfupi kila asubuhi. "Na watoto waje," alisema. "Wakikaa chini, watatazamana naye usoni."

Bibi, mama yake baba, alisubiri mpaka bodaboda ya yule dada ilipoondoka. Kisha akamgeukia mama. "Mama Limi, shimo likishaonjeshwa mtu aliye hai, halitulii. Litaita mtu wa hapa nyumbani."

Limi ni mimi, na mdomo wangu haukuwa na breki. Nikauliza mbona la choo haliiti. Nilinyamazishwa kwa jicho moja tu.

Baba akachimba. Masele alilia kila alipoteremshwa, na mimi niliogopa kuutazama udongo ukipanda miguuni mwake. Mvua ya kwanza ikalijaza shimo maji, asubuhi tukakuta kuku amekufa ndani. "Limeanza," jirani akasema kutoka ng'ambo ya ua. Tangu siku hiyo watoto wake waliitwa nyumbani kila walipotusogelea, na Masele alisimama peke yake, akiwapungia mkono. Mama alianza kusema tulifukie. Alikuwa halali vizuri.

Ndipo Bibi akaleta kigoda chake ukingoni na kuteremsha miguu yake mwenyewe ndani ya shimo, kando ya miguu ya Masele. Akaongea na udongo kwa Kisukuma, taratibu, kama anayeongea na mgeni mkorofi: "Mimi nipo hapa. Usimguse mwingine."

Alifanya hivyo kila asubuhi. Alikaanga karanga akawaita watoto wa jirani, na nani angemkatalia mtu mzima? Wakaja. Masele akajifunza kupokezana, kugombana, kusubiri zamu yake. Nilimpenda sana Bibi siku zile, na nilimwogopea. Alikuwa anakonda.

Mahindi yalipoanza kukauka shambani, Bibi aliugua akafa. "Tulisema," majirani walinong'ona msibani. Tuliporudi kutoka makaburini, wanaume wawili walishika majembe waende kulifukia lile shimo. Mama akasimama mbele yao, kanga ya msiba kiunoni.

"Amekaa hapa ili huyu asimame," alisema. "Hamfukii kitu."

Kesho yake mama mwenyewe alimteremsha Masele. Siku hiyo mtoto hakulia.

Masele sasa ni mtu mzima. Anatembea kwa fimbo, polepole, na pale kijiweni Kashaulili hakuna dereva wa bajaji anayemshinda kwa maneno. Watu wakiniuliza, nasema siamini kwamba shimo linaita mtu. Bibi alikuwa mzee, na alikuwa anaumwa. Lakini yeye aliamini. Aliamini kabisa kwamba lile shimo lingemchukua mmoja wetu, na bado kila asubuhi alienda kukaa pale, karibu kuliko sisi sote. Mimi nisiyeamini sijui kama ningethubutu.