Simu Iliyosahau Namba

Juzi, kwa fundi mmoja wa simu katika mtaa wa Vulamba, harufu ya plastiki iliyopata moto ilinirudisha sebuleni kwetu, Butembo. Asubuhi ile Baba alikuwa ameondoka na kamyo, lori lake la maharagwe, kwenda Beni. Mchana jirani aliingia akihema: "Banapiga masasi mu njia ya Beni!" Risasi, kwenye barabara ile ile aliyopita Baba.

Mama alichukua simu yetu isiyo na waya, akabonyeza kitufe alichowekea namba ya Baba. Kimya. Umeme ulikuwa umekatika usiku kucha ukarudi asubuhi, lakini betri ilipokufa simu ilikuwa imefuta namba zote. Hakuna aliyeijua ile namba kwa kichwa. Mama akaanza kubahatisha huku akilia, plastiki ya simu ikipata moto na kunuka, akapata watu wasiomjua Baba, mpaka mwanaume mmoja akamsikiliza.

"Mama, mimi hapana bwana yako. Lakini niko Beni. Kamyo yake iko rangi gani? Nitaenda kumutafuta."

"Ya kijani, papa. Tafazali."

Jioni yule mwanaume alipiga. Alikuwa amekuta kamyo imechomwa, na Baba amelala kando yake, amekufa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, mkono ukutani.

"Aksanti, papa," alisema. "Na weye, usipite tena mu ile njia."